Jinsi ya kujua kama unamsikiliza mtu au unaisikiliza jinsia yake

Kabla hujafanya chochote, tupa kule ile stori ya kwamba mwanamke anaongea maneno elfu 20 kwa siku na mwanaume elfu 7. Umeshaiona, inazunguka kwenye meseji za kuforwadiwa, watu wanacheka wanapita, ila ikishakaa kichwani ndio inakuwa rula unayopimia watu. Mwaka 2007 Matthias Mehl na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science majibu ya kazi waliyofanya kwa wanafunzi 396 wa vyuo vikuu vya Marekani na Mexico, waliwavalisha kifaa kidogo kinachojiwasha chenyewe kila baada ya muda na kurekodi vipande vya maongezi, mtu hajui saa ngapi kimewaka saa ngapi kimezima, kwahiyo hata kujishaua hawezi. Wakakuta wanawake wastani wa maneno elfu 16 na ushee, wanaume elfu 15 na mia sita na ushee, yani kitakwimu hapo hamna kitu. Na waliopiga domo kuliko wote kwenye lile kundi walikuwa wanaume, mmoja kafika maneno elfu 47, na mkimya kuliko wote naye alikuwa mwanaume. Baadaye wakarudia na watu zaidi ya 2,000, majibu yakatoka 2025, safari hii wanawake wa umri wa kati, miaka 25 mpaka 64, walizidi kwa kama maneno elfu 3 kwa siku, ila kwa vijana na wazee tofauti ilikuwa ndogo ya kupuuzwa. Haya, elfu 3 ni kitu, lakini iko mbali sana na ile stori ya mara tatu.

Sasa kama midomo haipishani kihivyo, imekuwaje karibu kila mtu "anajua" wanawake wanaongea sana? Jibu langu ni masikio. Mtu anafungua mdomo na sisi tumeshaamua jinsia yake inatakiwa isikike vipi, halafu chochote anachosema tunakisikia kupitia hapohapo. Kwahiyo huu mwongozo ni wa kukagua masikio yako, na kalamu yako pia maana kwenye kuandika tunafanya yaleyale. Hauhitaji digrii, unahitaji karatasi, saa ya simu, na moyo wa kukubali usichokipenda.

Anza na saa, hisia weka pembeni

Chagua kikao kimoja, kiwe cha kazini, cha familia, cha kikundi, popote ambapo wanawake na wanaume wanaongea pamoja zaidi ya nusu saa. Kabla hakijaanza andika makisio yako: unadhani nani ataongea zaidi, nani atadakia wenzake, mada ya nani itashika. Usiruke hiyo hatua kwasababu kitu unachopima hasa ni lile pengo kati ya makisio na kilichotokea, ukianza kuhesabu bila kukisia utajidanganya mwishoni kwamba "mi nilijua tu".

Halafu hesabu. Dakika za kila mtu (makadirio yanatosha, usijitese), mara ngapi kadakiwa, mara ngapi kadakia, na mada alizoanzisha zimefika wapi. Kurekodi sauti kunasaidia lakini lazima uombe ruhusa, na ukishaomba ruhusa watu wote wanakuwa malaika ghafla, kwahiyo mi naona karatasi ni bora zaidi.

Kwenye kudakia hapo kuwa makini. Kuna utafiti maarufu wa Don Zimmerman na Candace West wa mwaka 1975, walisikiliza maongezi kati ya mwanamke na mwanaume, maongezi 11, wakahesabu kudakiana mara 48, na mara 46 aliyedakia ni mwanaume. Namba hiyo imenukuliwa mpaka imechakaa. Waliokuja nyuma wakaipiga maswali, na maswali yenyewe ni ya haki kabisa: watu walikuwa wachache, mtu mmoja mwenye fujo anaweza kubeba hesabu nzima, halafu sio kila sauti zikigongana ni kudakia. Kuna wale wakichangamka wanaongea juu kwa juu, huyu anamalizia sentensi ya yule, "ehee, na ndio hapo sasa!", na wote wanafurahi. Huwezi kuiita hiyo dharau.

Kipimo ninachokipenda ni hiki: baada ya sauti kugongana, je wa kwanza alimaliza alichokuwa anasema? Kama alimaliza, au yule wa pili aliongea kuhusu kitu kilekile akamrudishia, hiyo ni kuchangia. Kama mada yake imeyeyuka na hakuna aliyerudi kuiuliza, amedakiwa, weka alama. Ukitumia kipimo hiki namba zako zitakuwa ndogo kuliko ulivyotegemea ila zitakuwa za kweli.

Na usidhani cheo kinamkinga mtu. Mahakama ya Juu ya Marekani, pale hata mawakili wana sheria ya kunyamaza jaji akianza kuongea, Tonja Jacobi na Dylan Schweers walipitia maandishi ya mabishano ya mahakamani wakachapisha 2017, na kwa mwaka 2015 majaji wanawake walikuwa watatu kati ya tisa lakini kama theluthi mbili ya kudakiwa kote kuliwaangukia wao watatu. Kilichonigusa zaidi ni kingine: kadiri miaka inavyoenda wale majaji wanawake walikuwa wanaacha taratibu vile vianzio vya adabu, "samahani", "naomba kuuliza", wakaanza kuuliza moja kwa moja kama wenzao, maana ule upenyo mdogo wa adabu ndio mtu alikuwa anaingilia. Mwaka 2021 mahakama ikabadilisha utaratibu, baada ya maswali ya wazi kila jaji anapewa zamu yake kwa kufuata ukongwe, na jaji Sonia Sotomayor alisema hadharani kwamba tafiti za namna hiyo zilichangia. Kwahiyo kama wewe ndio mwenyekiti wa kikao, zamu. Hiyo ni dawa rahisi kuliko kumfundisha kila mtu tabia njema.

Mada ya nani inashika

Hiki kipengele watu wanakisahau na mimi naona ndio kitamu kuliko vyote. Miaka ya 70 Pamela Fishman alichukua rekodi za wapenzi jozi tatu wa Marekani majumbani kwao, masaa 52 ya maongezi ya kawaida tu ya nyumbani. Wanawake walianzisha mada 47, zikashika 17. Wanaume walianzisha 29, zikashika 28. Mara moja tu kitu alichoanzisha mwanaume hakikushika! Watu ni sita tu, sawa, usiijengee dini, lakini sababu aliyoiona ndio ya kuibeba: mada haishiki yenyewe, inashikishwa. Mwanaume akianza, mwanamke anauliza, "ikawaje?", anaitikia "mm", "ehe", "kweli?", anaendeleza. Mwanamke akianza anapata "mh" moja ya kuchelewa halafu kimya. Na "mh" ya kuchelewa kila mtu anaijua maana yake.

Kwahiyo kagua maitikio yako. Kwenye maongezi ya simu au ya ana kwa ana, jiangalie "ehe" yako inatoka saa ngapi, katikati ya stori au ikishaisha? Unauliza swali la pili? Kwenye meseji ni rahisi zaidi maana ushahidi upo: fungua chati na mwenzi wako au na mfanyakazi mwenzako, panda juu kidogo, hesabu nani anauliza maswali na nani anajibu tu. Saa ingine utakuta mtu mmoja anasukuma gari peke yake na mwenzake kakaa ndani anashangaa mbona safari nzuri. Kama ni wewe uliyekaa, dawa ni fupi: uliza swali kuhusu kile alichosema yeye, sio kile kilichokukumbusha cha kwako.

Zungusha jina

Hii ndio mtihani mkuu. Chukua kitu ulichoandika au ulichosema kuhusu mtu, tathmini ya kazi, barua ya kumpendekeza mtu, koment, hata umbea tu, badilisha jina la kike weka la kiume au kinyume chake, halafu soma kwa sauti. Pale utakaposikia kichekesho au ukakamavu fulani mdomoni, pale ndipo jinsia inafanya kazi.

Kiswahili hapa kinakubeba. Kwenye lugha nyingi ukitaka kuficha jinsia inabidi ufute viwakilishi mstari kwa mstari, sisi "alisema", "amekuja", "yeye" vyote havisemi kitu, ukitoa jina na ukitoa dada, kaka, mama, bwana, umemaliza. Kwahiyo unaweza kabisa kumpa mtu wa pili asome tathmini bila jina akwambie anamuona nani. Mara nyingi atakwambia bila kusita, na ukimuuliza umejuaje atashindwa kujibu.

Atakuwa amejua kwa maneno ya sifa. Sikiliza jozi hizi: mwanaume anasisitiza hoja yake, ana msimamo. Mwanamke anasisitiza hoja ileile, ana mdomo. Yeye anajiamini, huyu anajisikia. Yeye kanyamaza kwasababu ana hekima, huyu kanyamaza kwasababu kanuna. Wanaume wawili wakikaa kumjadili mtu ambaye hayupo wanapiga stori, wanawake wawili wakikaa kumjadili mtu huyohuyo wanafanya umbea. Na panga linakata kote kote jamani: mwanaume akisema "nimeumia" anaambiwa ajikaze, akiongea kwa upole na kucheka cheka anaitwa laini, na kuna wanaume wamejifundisha kujibu "poa" kwenye kila kitu mpaka kwenye misiba.

Mnaopenda ushahidi, upo. Victoria Brescoll na Eric Uhlmann 2008 walionyesha watu video za usaili wa kazi, waigizaji wa kike na wa kiume, maneno yaleyale, tofauti ni kwamba wengine wanaonyesha hasira. Mwanaume mwenye hasira alipewa heshima zaidi, mwanamke mwenye hasira akashushwa. Na sababu walizotoa watazamaji ndio funzo lenyewe: hasira ya mwanaume wakasema kuna kitu kilimkera, hasira ya mwanamke wakasema ndivyo alivyo. Yani mmoja ana sababu, mwingine ana tabia.

Na Kieran Snyder mwaka 2014 alikusanya tathmini 248 za wafanyakazi wa kampuni za teknolojia, watu walizituma wenyewe kwa hiari kwahiyo sio sampuli ya kisayansi ya kuapia, ila angalia: kati ya tathmini 94 za wanawake zilizokuwa na ukosoaji, 71 zilikuwa na maneno ya kukosoa tabia ya mtu, punguza ukali, acha kuhukumu. Za wanaume zenye ukosoaji zilikuwa 83, na kati ya hizo ni mbili tu zilizokuwa na maneno ya kukosoa tabia. Wanaume walikosolewa kazi, wanawake walikosolewa kazi na nafsi.

Hapo unapata kanuni ya kuandika tathmini yoyote: kila ukiandika sifa, ongeza tukio. Usiandike "ni mkali sana". Andika "kwenye kikao cha bajeti alimkatisha mwenzake mara kadhaa". Ukikosa tukio la kuandika, futa sifa. Ukifanya hivyo utashangaa sifa ngapi hazina tukio nyuma yake. Na barua za kupendekeza watu nazo hivyohivyo, kuna utafiti wa Madera, Hebl na Martin wa 2009 ulioonyesha barua za wanawake zinajaa "ana moyo wa kusaidia, mpole, anajali" na za wanaume zinajaa "ana malengo, anajiamini", na kadiri barua inavyojaa upole ndivyo mwombaji anavyoonekana hafai kuajiriwa. Aliyeandika alidhani anasifia.

Maneno ya kulainisha, usiyafute kwa pupa

Hapa ndipo washauri wengi wa mitandaoni wanapotea. Utaona video: "dada zangu acheni kusema samahani, acheni kusema nadhani, acheni kusema labda, mnajishusha." Mzizi wa hiyo hoja ni Robin Lakoff, mwanaisimu wa Marekani, kitabu chake cha 1975 ndicho kilichofungua huu uwanja mzima, akasema wanawake wamefundishwa lugha ya kusitasita, maswali ya mkia kama "si ndio?", "au sio?", na maneno ya kulainisha. Aliandika kutokana na anachokiona na kukisikia mwenyewe, na kama hoja ya kuanzia ilikuwa nzito sana. Sema waliokwenda kupima walikuta mambo mawili.

La kwanza, William O'Barr na Bowman Atkins waliingia mahakamani wakasikiliza mashahidi, wakachapisha 1980. Wakakuta ile lugha ya kusitasita haifuati jinsia vizuri, inafuata nguvu. Mwanamke mtaalamu aliyeitwa kutoa ushahidi wa kitaalamu alikuwa anaongea wima kabisa, na mwanaume wa hali ya chini asiyezoea mahakama alikuwa anasitasita kama kitabu cha Lakoff kilivyosema wanawake wanavyofanya. Kwahiyo ulichokuwa unakiita lugha ya kike huenda ni lugha ya mtu aliyezoea kuulizwa maswali na watu waliomzidi. Fanya jaribio hili: mchukue mtu mmoja, awe bosi wako wa kiume, msikilize akiongea na wewe halafu msikilize akiongea na bosi wake. "Nadhani" na "labda" zitaota kama uyoga.

La pili, Janet Holmes wa New Zealand alichambua yale maswali ya mkia akakuta yana kazi zaidi ya moja. Kuna "mkutano ni saa nne, si ndio?", hapo mtu hana uhakika kweli. Na kuna "umefika salama, eti?" au "hii kazi ilikuwa ngumu, au sio?", hapo mtu ana uhakika wote, anamfungulia mwenzake mlango aongee. Wanawake kwenye data yake walitumia sana hii ya pili, na wanaume ile ya kutokuwa na uhakika. Na wanaotumia ya kufungua mlango ni nani? Walimu, watangazaji, wenyeviti, wale wanaoendesha maongezi.

Kwahiyo kabla hujafuta neno la kulainisha kwenye sentensi yako au kumwambia mtu afute, jiulize linafanya kazi gani. Linaonyesha huna uhakika, na kweli huna? Liache, ni ukweli. Linamfungulia mwenzako? Liache. Lipo kwasababu unaogopa kuonekana mkali? Hapo ndio pa kufikiria, na usifikirie sentensi tu, fikiria na atakayeisoma, maana kama tulivyoona juu mwanamke akifuta yote anaweza kuvuka kutoka "hajiamini" kwenda "ana kiburi" bila kupumzika katikati. Ushauri wa kufuta unampa mzungumzaji kazi ya kurekebisha sikio la mwingine. Mi sitoi huo ushauri. Na kwenye Kiswahili "naomba" na "samahani" ni adabu ya kila mtu, mwanaume asiyesema "naomba" hatumuiti jasiri.

Halafu nenda Madagascar uone mambo yalivyogeuka. Elinor Ochs, wakati ule akiandika kwa jina Keenan, alieleza mwaka 1974 kijiji kimoja cha nyanda za juu za Vakinankaratra ambako wanaume ndio wanaozunguka maneno, wanaume ndio wanalainisha, hawamwambii mtu kosa lake usoni, na wanawake ndio wanaosema wazi, wanakemea, wanabishana bei sokoni. Utasema basi pale wanawake ndio wanaonekana viongozi maana wananyoosha maneno? Thubutu. Pale kuzunguka ndio kulionekana ni ufundi wa kuongea, na wanawake wakaonekana hawana huo ufundi. Ona mchezo: popote mtindo ulipo, ukiwa wa wanaume ndio unakuwa mtindo wenye heshima. Mtu akikwambia wanawake wanalainisha "kwa asili", mpe hiyo.

Sauti yenyewe

Hapa kuna mwili kweli, sikatai. Baada ya kubalehe nyuzi za sauti za wanaume zinakuwa ndefu na nene zaidi, zinatetemeka kama mara 100 mpaka 120 hivi kwa sekunde, za wanawake kama 200. Ila hata hapo mafunzo yanaingia: Jacqueline Sachs na wenzake walionyesha 1973 kwamba wasikilizaji wanaweza kutofautisha sauti za watoto wa kike na wa kiume ambao hawajabalehe, umri ambao koo zao hazijapishana vya kutosha kueleza hiyo tofauti. Watoto wanajifunza kusikika.

Na wasikilizaji wanapenda uzito. Casey Klofstad na wenzake 2012 walichukua sauti za wanaume na wanawake zikisema sentensi moja ya kuomba kura, kila sauti wakaishusha na kuipandisha kwa kompyuta, watu wakachagua iliyoshushwa, ya kike na ya kiume vilevile. Margaret Thatcher alifanyiwa mazoezi ya kushusha sauti miaka ya 70 kabla hajawa waziri mkuu wa Uingereza. Halafu wasichana wa Marekani wakishusha mpaka ile sauti ya chini inayokwaruza mwisho wa sentensi, wanaambiwa wanakera! Wanaume wanakwaruza pia, hawapati barua za malalamiko.

Unachoweza kufanya hapa: ukijikuta umechoshwa na sauti ya mzungumzaji, omba hotuba kwa maandishi au soma manukuu ya video, uone kama hoja bado inakuchosha. Podikasti iko vizuri kwa jaribio hili kwasababu nyingi siku hizi zina maandishi yake. Kama unamfanyia mtu usaili kwa simu, andika majibu ya mtu kwa maneno yake mwenyewe kabla hujaandika maoni yako, usianze na maoni.

Kwenye kuandika

Nimesema Kiswahili hakina yeye wa kike na yeye wa kiume, Kifini na Kituruki na Kihungari navyo ni hivyo. Usijipongeze mapema. Soma: "Daktari alimwambia muuguzi asubiri nje." Umemuona nani na nani? Sentensi haijasema, umejaza wewe. Mashine za kutafsiri nazo zilikuwa zinajaza hivyohivyo, sentensi ya Kituruki isiyo na jinsia ikienda Kiingereza daktari anakuwa mwanaume muuguzi anakuwa mwanamke, mpaka mwisho wa 2018 Google wakaanza kutoa majibu mawili, la kike na la kiume, kwa baadhi ya lugha. Ukitumia mashine kutafsiri wasifu wa mtu kutoka Kiswahili, pitia kila kiwakilishi kwa jicho lako, hasa ukiwa ni wasifu wa mwanamke injinia. Atageuzwa mwanaume katikati ya aya bila kuombwa ruhusa.

Kingine ni zile nyongeza: rubani wa kike, mwanamama mjasiriamali, mwanadada fundi. Saa ingine zinahitajika, kama habari yenyewe ni kwamba ni wa kwanza. Kama sio habari, toa. Jaribu kugeuza, "mwanababa mjasiriamali, baba wa watoto watatu", ukiona inachekesha basi ya kike nayo ilikuwa inachekesha ila umeizoea.

Na ukiandika tangazo la kazi, angalia unavyomwita mtu. Gaucher, Friesen na Kay mwaka 2011 walionyesha kwamba matangazo yaliyojaa maneno ya kiushindani, kutawala, kupambana, yaliwapunguzia wanawake hamu ya ile kazi. Na sio kwamba waliona hawaiwezi, waliona hapo sio kwao. Sema unachotaka kifanyike. "Utaongoza timu ya watu sita" inatosha, mambo ya "simba wa mauzo" peleka kwingine.

Ukiwa ndani ya kikao

Ukidakiwa, usisubiri mtu akutetee, ila usianze upya kutoka mwanzo maana hapo unampa nafasi ya pili. Shika neno la mwisho ulilokuwa nalo, lirudie, endelea: "...bajeti, kama nilivyokuwa namalizia, bajeti inatosha." Sauti ileile, usipandishe. Kama mtu amechukua wazo lako na linasifiwa kwa jina lake, "asante kwa kuliendeleza, nilipolileta nilikuwa namaanisha pia..." na unaongeza kitu kipya, hicho kipya ndio hati yako ya umiliki.

Lakini kazi hii ikifanywa na wa pembeni ni nyepesi mara kumi. Wanawake waliokuwa wanafanya kazi ikulu ya Marekani wakati wa Obama walikubaliana mbinu moja, gazeti la Washington Post liliieleza 2016: mwanamke akitoa hoja ya maana, mwenzake anairudia na anamtaja mwenye hoja. Basi. Hakuna ugomvi, na kikao kinakosa mahali pa kujifanya hakikusikia. Mwanaume unaweza kuifanya kesho: "turudi kwa alichosema Asha". Ila usigeuke msemaji wake ukaeleza hoja nzima kwa dakika tano, mtaje halafu unyamaze.

Na ukiwa wewe ndio unadakia, na kuna watu wengi wema wanadakia, weka kidole mezani wakati mwingine anaongea na usikitoe mpaka amalize na ikapita sekunde moja. Kinaonekana kitoto, kinafanya kazi.

Tahadhari moja kuhusu hesabu zako zote hizi. Janet Hyde mwaka 2005 alikusanya uchambuzi mkubwa 46 wa tofauti za kijinsia, kuongea kukiwemo, na tofauti 78 kati ya kila 100 zilikuwa ndogo au karibu na sifuri. Kwahiyo wastani wa wanawake wote na wa wanaume wote haukwambii lolote la uhakika kuhusu Asha aliyekaa mbele yako, wala kuhusu mtu ambaye hajioni vizuri kwenye boksi lolote kati ya hayo mawili. Unakagua kikao chako, watu wako, masikio yako.

Ukimaliza kuhesabu usisome majibu mbele ya watu, utaanzisha vita na karatasi itachanwa. Mfuate aliyedakia zaidi pembeni, mwonyeshe alama zake, bila neno "nyinyi wanaume" wala "nyinyi wanawake", alama tu. Akibisha, na atabisha, mpe karatasi tupu na kalamu ahesabu yeye kikao kinachofuata.